Törbel: malisho ya kijiji yaliyokataa kuwa shamba la bibi

Tarehe 1 Februari 1483, malisho ya Törbel yakiwa yamefukiwa na theluji na ng'ombe wote wakiwa wamefungwa mazizini, wanakijiji walikubaliana kwa maandishi juu ya nyasi ambazo zingeota miezi kadhaa baadaye. Hati waliyoiweka ilianzisha ushirika wa kusimamia malisho ya juu mlimani, misitu, na ardhi isiyolimika. Ilieleza nani ana haki ya kulisha na nani hana. Kwa mgeni ilikuwa kali: hata akinunua shamba ndani ya kijiji, ununuzi huo haukumpa ruhusa ya kuchunga kwenye malisho ya pamoja wala kukata mti. Wenye haki tayari ndio wangekaa na kuamua kama wampokee au abaki mgeni na mali yake mkononi.

Uswisi ina vijiji vingi vya milimani, na vingi vina hati kuukuu kabatini. Hiki kimoja kimezusha mabishano katika vyuo vikuu vya dunia kwa zaidi ya miaka arobaini, kwa sababu ya swali ambalo mfugaji yeyote analijua: malisho yakiwa ya wote, nani atayatunza?

Törbel iko kusini mwa Uswisi, katika jimbo la Valais, upande wa watu wanaozungumza Kijerumani. Ukipanda treni katika mji wa Visp kuelekea Zermatt, utafika Stalden, mahali inapokutana mito miwili, mmoja ukishuka kutoka Zermatt na mwingine kutoka bonde la Saas. Inua macho upande wa magharibi. Kijiji kimeng'ang'ania mteremko, mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, nyumba zikiwa zimesongamana kana kwamba zinaogopa kuteleza. Mteremko wenyewe ni mkali kiasi kwamba kwa karne nyingi mavuno, samadi na nyasi za mifugo vilibebwa mgongoni na watu au na nyumbu, kwa sababu gari la magurudumu lisingefaa kitu.

Anayeijua Alps kwa picha za kadi huwaza maji na kijani kila upande. Valais haiko hivyo. Milima inayozidi mita 4,000 imelizingira bonde na hukamua mawingu kabla hayajafika, hivyo sehemu za chini karibu na Stalden hazifikishi milimita 600 za mvua na theluji kwa mwaka. Hicho ni kiasi kinachokaribiana na cha Dodoma. Nyasi zingekauka kila kiangazi kama watu wasingechimba mifereji kwenye kuta za mlima, wakayaongoza maji ya vijito na ya theluji inayoyeyuka hadi kwenye mashamba yao. Mifereji hiyo, ambayo wazungumzaji wa Kijerumani wa Valais huiita Suonen, ilikuwa mali ya pamoja. Kila mwenye haki alipewa zamu yake ya maji, saa za mchana au za usiku, na aliyelala zamu yake ikapita hakuwa na wa kumlaumu.

Kwa sababu mlima unapanda haraka, kijiji kimoja kilikuwa na hali za hewa kadhaa ndani ya mipaka yake. Bondeni kulikuwa na mizabibu. Kuzunguka nyumba kulikuwa na bustani za mboga na miti ya matunda, kisha mashamba ya rai, nafaka ya jamii ya ngano inayovumilia baridi na ukame. Baada ya hapo zilikuja konde za nyasi za kukata na kukausha, halafu msitu, na juu kabisa, kuanzia mita 2,000 hivi pale panapoitwa Moosalp, malisho ya kiangazi. Familia ilihitaji kipande cha kila ngazi ili iishi. Mkate wa rai uliokwa mara chache tu kwa mwaka kwenye tanuri la kijiji, ukahifadhiwa mpaka ukawa mgumu kama ubao. Nafaka yenyewe ilikaa kwenye ghala za mbao zilizoinuliwa juu ya nguzo, na kati ya nguzo na sakafu likawekwa bamba la jiwe la mviringo. Panya akipanda nguzo, anakwama chini ya bamba. Ghala hizo bado zimesimama, mbao zimekuwa nyeusi kwa jua, na watalii huzipiga picha bila kumfikiria panya.

Umiliki wa ardhi Törbel ulikuwa wa aina mbili kwa wakati mmoja. Mashamba ya rai, bustani, mizabibu na konde za nyasi vilikuwa mali ya mtu binafsi kabisa. Viliuzwa, viliwekwa rehani, na mzazi akifa viligawanywa sawa kati ya watoto wote, wa kike na wa kiume. Kwa kugawana hivyo kizazi baada ya kizazi, nyumba moja ilijikuta na makumi ya vipande vidogo, vimetawanyika kutoka bondeni hadi msituni, na sehemu kubwa ya siku ya mkulima ikaishia njiani. Hata nyumba yenyewe ilirithiwa kwa vipande: ndugu mmoja orofa ya chini, mwingine ya juu. Malisho ya kiangazi, msitu, ardhi ya mawe, mifereji na njia havikugawanywa. Vilikuwa vya ushirika, na mwaka 1507 mipaka yake iliorodheshwa kwa maandishi ili asitokee mtu wa kuisogeza.

Watu hawakuwa na ujamaa wa moyoni kiasi cha kuchangia kila kitu, wala hawakuwa mabepari wa kutaka kuzungushia uzio kila kitu. Walikuwa wakulima maskini wanaojua kwamba nyasi za mita 2,000 ni chache, hazitabiriki, mwaka huu zimestawi upande huu na mwakani theluji imechelewa kuyeyuka hapo. Ukizigawa, mmoja atapata pori la mawe na mwingine ataota utajiri, na uzio utagharimu kuliko nyasi zilizomo.

Sasa tuje kwenye kanuni ya mwaka 1517. Mwaka huo Martin Luther alikuwa Wittenberg akipinga biashara ya vyeti vya msamaha, na hapohapo Valais kadinali Matthäus Schiner alikuwa kwenye ugomvi na Jörg Supersaxo uliomfanya aihame nchi yake. Törbel walikuwa wanahesabu ng'ombe. Waliandika kwamba hakuna raia wa kijiji atakayepeleka malishoni ng'ombe wengi kuliko wale anaoweza kuwalisha wakati wa baridi.

Sentensi ni fupi, ila ina akili inayohitaji kufafanuliwa. Kipupwe cha huko ni kirefu, na ng'ombe hukaa ndani miezi mingi akila nyasi kavu zilizokatwa kwenye konde za mwenyewe, konde ambazo ni mali binafsi. Kwa hiyo idadi ya ng'ombe wako kiangazi, kwenye nyasi za wote, imefungwa na nyasi zako mwenyewe ndani ya ghala lako. Tajiri hawezi kwenda mnadani mwezi wa tano akanunua ng'ombe ishirini, akawanenepesha kwa nyasi za kijiji, kisha akawauza mwezi wa tisa na kuondoka na faida. Hakuna haja ya mtaalamu wa kupima malisho yanabeba mifugo mingapi. Jirani anajua konde zako zina ukubwa gani, anaona ulivyobeba mizigo ya nyasi Agosti, anasikia ng'ombe wako wakilia Februari. Ghala halifichiki.

Aliyekiuka alitozwa faini. Afisa wa kijiji aliyeitwa Gewalthaber alikuwa na mamlaka ya kuitoza na kubaki na nusu yake. Kwa macho ya leo mpango huo unanuka. Kwa macho yao ulimpa mtu sababu ya kuamka alfajiri na kwenda kuhesabu. Hata hivyo sidhani kama faini ndiyo iliyofanya kazi kubwa. Ng'ombe walihesabiwa mara tu walipofika juu, mbele ya kila mtu, kwa sababu hesabu hiyo ndiyo iliyoamua kila nyumba itapata jibini kiasi gani mwisho wa msimu. Mwenye kuficha ng'ombe alikuwa anaficha jibini yake mwenyewe.

Juu mlimani kazi ilifanywa na wachungaji wachache walioajiriwa na ushirika. Waliwachunga ng'ombe wa wote kwa pamoja, wakakamua, wakatengeneza jibini, huku familia zikibaki chini kukata nyasi na kuvuna. Ng'ombe wa asili wa Valais wana vita vyao: siku wanapopandishwa, majike hushindana kwa vichwa mpaka apatikane malkia wa kundi, na wenye ng'ombe husimama kutazama kwa fahari isiyofichika. Kila mwaka wanachama walikutana, wakachagua wasimamizi, wakaajiri wachungaji, wakapanga samadi igawiwe vipi, na wakapangiana kazi za kukarabati njia, vibanda na kuta zilizobomolewa na maporomoko ya theluji. Aliyepeleka ng'ombe wengi alifanya kazi nyingi au alilipa zaidi. Msituni nako hapakuwa na kukata ovyo. Wasimamizi walitia alama miti iliyoruhusiwa, nyumba zikapangwa katika vikundi, na bahati nasibu ikaamua kikundi kipi kipate miti ipi. Kule msitu si kuni tu. Ndio unaozuia theluji isishuke na kuwafunika watu usingizini, na mwenye kuukata hovyo alikuwa anahatarisha vitanda vya wenzake.

Hayo yote yangebaki kuwa habari za Törbel kwa Törbel, kama si makala iliyochapishwa Desemba 1968 katika jarida la Science. Mwandishi wake, Garrett Hardin, alikuwa mwanabiolojia wa California. Aliwataka wasomaji wafikirie malisho yaliyo wazi kwa kila mtu. Kila mfugaji anajiuliza: nikiongeza ng'ombe mmoja nitapata nini? Faida ni yake peke yake, hasara ya nyasi wanagawana wote. Basi anaongeza mmoja, na mwingine, na wenzake vilevile, mpaka nchi inabaki vumbi. Kwa Kiswahili cha Watanzania, Hardin alikuwa anasema kila mali ya pamoja ni shamba la bibi: anayewahi anachuma, bibi hana nguvu za kumfukuza mtu. Dawa alizozitaja ni mbili, serikali ishike au mtu binafsi amilikishwe. Mfano wa malisho hakuubuni yeye. Aliuchukua kwa Mwingereza William Forster Lloyd, aliyeutoa mwaka 1833.

Afrika Mashariki ilikuwa imekwisha kuonja fikra hizo kabla Hardin hajazipa jina. Maafisa wa kikoloni Kenya waliamini kwamba Wakamba wana ng'ombe wengi kupita kiasi kwa sababu malisho yao ni ya pamoja, na mwaka 1938 wakaanza kuwapunguzia mifugo kwa nguvu. Maelfu ya Wakamba, wakiongozwa na Muindi Mbingu, waliandamana kutoka Machakos hadi Nairobi na kupiga kambi kudai ng'ombe wao. Mbingu alikamatwa na kupelekwa Lamu kama mfungwa wa uhamishoni. Hakuna aliyeuliza kwanza kama Wakamba wana utaratibu wao wa malisho, wala ni kiasi gani cha ardhi yao kilikuwa kimechukuliwa na walowezi.

Aliyekwenda kuuliza Törbel alikuwa Mmarekani, Robert Netting, mwanaanthropolojia wa Chuo Kikuu cha Arizona. Ninaupenda mpangilio wa maisha yake. Kabla ya kufika Uswisi alikuwa ameishi na Wakofyar, wakulima wa vilima vya Jos huko Nigeria, na mwaka 1968, mwaka uleule wa makala ya Hardin, alitoa kitabu juu yao. Mtu huyu alijifunza kilimo cha milimani kwa Waafrika kwanza, kisha akapanda Alps mwanzoni mwa miaka ya 1970 kuwachunguza Wazungu kwa macho yaliyonolewa Nigeria. Kwa kawaida safari hiyo huenda upande wa pili.

Netting alikaa Törbel na kupekua daftari za parokia, hati za kuuziana mashamba na kumbukumbu za ushirika, nyingine zikirudi nyuma hadi mwaka 1224. Alikuta kijiji cha watu 600 hivi, na karibu majina yote ya koo yalikuwa yaleyale ya daftari za karne ya 17. Malisho ya pamoja yalikuwa bado malisho. Misitu ilikuwa misitu. Alichoandika katika kitabu chake cha mwaka 1981 kilipinga wazo kwamba umiliki wa pamoja ni masalia ya ushenzi yaliyosahaulika milimani. Watu walewale, tena wajanja wa kuuziana shamba hatua kwa hatua, walichagua kumiliki kibinafsi pale ardhi inapozaa sana na kulipa jasho, na kumiliki kwa pamoja pale inapozaa kidogo, haitabiriki, haiboresheki kirahisi na inahitaji eneo kubwa. Walizijua njia zote mbili na waliishi nazo karne kwa karne.

Kitabu hicho kilimfikia Elinor Ostrom, mwanasayansi wa siasa wa Chuo Kikuu cha Indiana. Mwaka 1990 alipotoa kazi yake kubwa juu ya usimamizi wa mali za pamoja, aliiweka Törbel mbele, pamoja na vijiji vya Japani na mifereji ya Uhispania na Ufilipino, kuonyesha kwamba Hardin alisahau kitu kimoja: watu huongea. Hukutana, hutunga kanuni, huchungana, hutozana faini. Malisho ya Hardin hayakuwa na mwenyewe, ya Törbel yalikuwa na wenyewe, na walikuwa na daftari. Mwaka 2009 Ostrom akawa mwanamke wa kwanza kupata Nobel ya uchumi, akishirikiana na Oliver Williamson. Hardin mwenyewe alikiri baadaye kwamba kichwa cha makala yake kilipaswa kutaja mali ya pamoja isiyosimamiwa.

Tangu hapo Törbel imekuwa mtakatifu wa semina. Wanaotetea misitu ya vijiji, mabwawa ya samaki na hata programu za kompyuta za bure huitaja kana kwamba ilikuwa paradiso. Hapo mimi naomba tupunguze mwendo, kwa sababu kanuni ya ng'ombe ilitunza nyasi bila kutunza kila mtu sawasawa.

Anza na hesabu ndogo. Nyasi haziongezeki, konde zimekwisha, na kila mtoto ana haki ya urithi. Kijiji kinaishije miaka mia tano bila kuvunjika? Jibu la Netting liko kwenye daftari za ndoa. Vijana wa Törbel walioa na kuolewa wakiwa wamechelewa sana, wengi wakikaribia au kuvuka miaka thelathini, wakingoja wazazi wafe au walegeze ardhi. Wengi hawakuoa wala kuolewa kabisa. Walibaki katika nyumba ya ndugu yao, wakaitwa mjomba na shangazi, wakafanya kazi maisha yao yote kwenye konde ambazo siku moja zingerithiwa na watoto wa mwingine. Kanisa Katoliki lilisimamia kwamba mapenzi nje ya ndoa ni dhambi, na mteremko ulisimamia kwamba ndoa bila shamba ni njaa. Ukilitazama hivyo, uwiano ule wanaousifu wasomi ulikuwa umejengwa juu ya vitanda vya watu waliolala peke yao.

Viazi vilipofika mwishoni mwa karne ya 18 vilifungua mlango kidogo. Shamba lilelile lililokuwa likitoa rai sasa lililisha watu wengi zaidi, na katika karne ya 19 idadi ya watu ikapanda. Ila malisho hayakupanda. Waliokosa nafasi waliondoka. Kutoka vijiji vya Valais ya juu watu walivuka bahari hadi Argentina, ambako mwaka 1858 walianzisha mji wa San Jerónimo Norte katika mkoa wa Santa Fe. Kule walikuta tambarare isiyo na mwisho, nyasi zisizohesabika, na kanuni ya kipupwe ikakosa maana.

Halafu kuna mgeni. Yale majina ya koo yaliyodumu tangu karne ya 17 yanaweza kusomwa kama ushahidi wa utulivu, na yanaweza kusomwa kama ushahidi wa mlango uliofungwa. Hati ya 1483 ilisema wazi kwamba fedha pekee hazitamfanya mtu kuwa mwenzetu. Ostrom aliliandika jambo hilo kwa lugha ya kitaalamu, kwamba mipaka ya wanachama lazima ijulikane. Ni kweli, malisho yasiyo na mipaka ya wanachama hufa. Mwaka wa njaa, mtu aliyetoka kijiji cha jirani na ng'ombe wawili hakuona utaalamu wowote hapo. Aliona watu wanaomwambia ageuze.

Wanawake nao walirithi konde sawa na kaka zao, jambo ambalo lingezishangaza koo nyingi duniani, lakini kwenye mikutano ya kijiji sauti ilikuwa ya wanaume. Mabadiliko yalipoanza hayakuanzia Törbel. Ukipanda hadi Moosalp na kushuka upande wa pili kupitia Bürchen, unafika Unterbäch, kijiji kingine kidogo vilevile. Tarehe 3 Machi 1957, wakati sheria ya Uswisi bado inawanyima wanawake kura, baraza la Unterbäch liliwaruhusu wapige. Waliojitokeza walikuwa 33, wa kwanza akiwa Katharina Zenhäusern, mke wa mkuu wa kijiji, huku wapinzani wakiwazomea nje. Karatasi zao ziliwekwa kwenye sanduku la peke yake na kura hizo hazikutambuliwa na serikali ya shirikisho. Ilipita miaka kumi na minne kabla wanaume wa Uswisi hawajakubali, mwaka 1971. Ninataja hili kwa sababu ni desturi kuwalaumu watu wa milimani kwamba wao ndio wa mwisho kubadilika.

Kilichokuja kukitikisa kijiji zaidi ya nadharia yoyote ni mshahara. Reli ya kutoka Visp ilifika Zermatt mwaka 1891 ikiwapeleka watalii kwenye mlima Matterhorn, ikapita bondeni chini ya Törbel bila kuijali sana. Mwanzoni mwa karne ya 20 kampuni ya Lonza ilijenga kiwanda cha kemikali Visp, ikitumia umeme wa maji ya mlima. Wanaume wa vijijini wakaanza kushuka asubuhi kwenda kiwandani na kupanda jioni kukata nyasi. Mke na wazee walibaki na ng'ombe. Kiwanda hicho kipo hadi leo. Mwaka 2021 ndicho kilichotengeneza sehemu kubwa ya malighafi ya chanjo ya korona ya Moderna kwa nchi zilizo nje ya Marekani. Mjukuu wa mchungaji huenda yuko maabara, amevaa koti jeupe, na Jumamosi anapanda kwenda kuwaona kondoo wake.

Kondoo, si ng'ombe. Ng'ombe anataka kukamuliwa asubuhi na jioni, na mtu wa zamu za kiwandani hana asubuhi na jioni. Kondoo wa Valais wenye uso mweusi na sufu nyeupe, ambao sasa wanapendwa hadi Uingereza kwa sura zao za kuchekesha, wanamfaa mfanyakazi wa mwisho wa wiki. Isipokuwa mbwa mwitu nao wamerudi Valais tangu 1995, na ukitaka ugomvi kwenye baa ya kijiji chochote cha huko, taja mbwa mwitu.

Leo Törbel ina watu wapatao 500. Mwokaji wa rai anaoka zaidi kwa ajili ya wageni na sikukuu kuliko kwa njaa. Ghala la zamani na kinu vimekarabatiwa na kuonyeshwa. Nyumba za mapumziko za watu wa mijini zimeongezeka katika Valais nzima kiasi kwamba Machi 2012 Waswisi walipiga kura kuzuia nyumba za namna hiyo zisizidi asilimia 20 katika wilaya ndogo yoyote. Mwenye nyumba ya mapumziko ana hatimiliki na mandhari. Haki ya malisho hana, wala haombi.

Kwenye mteremko tatizo limegeuka kichwa chini. Konde zilizo mbali na barabara hazikatwi tena, na msitu unashuka kuzichukua. Katika malisho ya juu ya Alps, vichaka huanza pale ng'ombe wanapopungua, kisha miti midogo, na baada ya miongo michache hapalishiki tena. Serikali ya Uswisi imeingilia kwa fedha. Humlipa mwenye malisho ya kiangazi kwa mifugo anayoipandisha, na imeweka kwa kila malisho idadi inayofaa. Ukizidisha sana, malipo hukatwa, kama ambavyo Gewalthaber wa mwaka 1517 angetaka. Ukipeleka pungufu ya robo tatu ya idadi hiyo, malipo hukatwa pia, na hilo ndilo kosa ambalo waandishi wa ile kanuni hawakulifikiria hata kidogo.